Kuku wa Mekatilili Mbele ya Kamera

Paukwa!

Wanangu wa Malindi na Kilifi, na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali, itikieni "Pakawa!" kisha mketi vizuri. Hadithi ya leo nitawasimulia mimi mara moja tu. Mara ya pili mtaicheza wenyewe, na kamera itakuwa imewakodolea macho.

Mwaka 1913 ofisa wa serikali ya Waingereza aliyeitwa Arthur Champion alikuwa kwenye nchi ya Wagiriama. Alitaka watu walipe kodi, na alitaka vijana watolewe wakafanye kazi za wakoloni. Katika mkutano akasimama mwanamke, Mnyazi wa Menza, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mekatilili. Wazee wetu husimulia kwamba alikuja na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia yule ofisa ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Ofisa akanyoosha mkono, na mama kuku akamrukia, akamdonoa. Mekatilili akamweleza kwamba ndivyo itakavyokuwa akithubutu kuwagusa watoto wa Wagiriama.

Oktoba mwaka huohuo Mekatilili alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa upande wa pili wa nchi, huko Kisii. Walitoroka, wakarudi nyumbani kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza wakalipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ambayo leo iko katika Kaunti ya Kilifi. Mekatilili mwenyewe amewekewa sanamu mjini Malindi, na wengi wenu mmewahi kupita mbele yake.

Nimeichagua hadithi hii kwa sababu ndani yake mna kila kitu ambacho mwigizaji wa filamu hufundishwa. Mna watu wawili wanaotaka vitu visivyopatana, umati unaosikiliza, na jambo moja dogo linalobadilisha kila kitu. Inatosha filamu fupi ya dakika tano. Waandishi wa filamu hukadiria kwamba ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo andikeni kurasa tano, zisizidi.

Sasa tuanze mafunzo.

Wengi wenu mmeshacheza drama shuleni. Mmesimama ukumbini na tamthilia kama *Kigogo* au *Bembea ya Maisha*, na mwalimu akapaza sauti kutoka nyuma: "Sikusikii! Panua mikono!" Mwalimu huyo alikuwa na haki. Kuigiza jukwaani ni kama kumwita mwenye mashua aliye ng'ambo ya Mkono wa Kilifi: usipopaza sauti na kupunga mkono mzima, hajui kama unamhitaji. Mtoto aliyekaa kiti cha mwisho amelipa kama wa kiti cha mbele, naye anastahili kuona na kusikia.

Kamera haikai kiti cha mwisho. Inakuja mpaka puani pako. Uso wako utajaa skrini nzima, na nyusi zako zikipanda kidogo tu, mtazamaji ataziona kama mlango uliofunguliwa kwa kishindo. Mwigizaji wa jukwaani akisimama mbele ya kamera na ukubwa ule wa ukumbini, anaonekana anadanganya, hata kama moyoni anasema kweli.

Zoezi la kwanza ni hili. Chukueni sentensi moja ya Mekatilili: "Haya, mchukue mmoja." Msichana aiseme kwa mwenzake aliye hatua thelathini mbali. Kisha hatua kumi. Kisha wawe karibu kiasi cha kugusana mabega. Rekodini zote tatu kwa simu, mzitazame. Mtaona kwamba katika ile ya tatu sauti imeshuka, mikono imetulia, lakini maneno yamekuwa mazito zaidi. Mwanamke anayemwambia ofisa mwenye bunduki maneno hayo kwa sauti ya chini anatisha kuliko anayepiga kelele. Kupungua kwa sauti kusipunguze nia. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaambiwa wafanye kidogo, basi wanaacha kufanya chochote, na uso unabaki mtupu.

Uso uliotulia na uso mtupu ni vitu viwili. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, Mrusi mmoja aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia tu. Akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, halafu na picha ya jeneza, halafu na picha ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana mwigizaji: ona alivyo na njaa, ona alivyo na huzuni, ona alivyo na mapenzi! Na uso ulikuwa uleule. Filamu hutengenezwa kwa kuunganisha vipande, na mtazamaji mwenyewe huujaza uso kwa kile alichokiona kabla na baada. Kwa hiyo mwigizaji hana haja ya kutueleza kwa uso wake kwamba ana huzuni. Kazi yake ni kuliwaza lile jambo kwa dhati. Mwenye macho haambiwi tazama, na kamera ni jicho lisilopepesa. Ukiwaza kweli, itakuona unawaza.

Kuwaza kweli mbele ya watu kunafundishika. Mwalimu mwingine wa Urusi, Konstantin Stanislavski, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Jumba la Maigizo la Sanaa la Moscow mwaka 1898, aliwazoesha waigizaji wake kujiuliza maswali kabla ya kutamka neno. Yawekeni kwa Kiswahili chetu: Nimetoka wapi sasa hivi? Nataka nini kwa huyu aliye mbele yangu? Ni nini kinanizuia? Nikikosa, itakuwaje? Anayecheza Mekatilili aandike majibu yake kwenye daftari. "Nimetoka kucheza ngoma ya kifudu na wanawake wenzangu, tumekubaliana. Nataka huyu mtu aogope mbele za watu. Kinachonizuia ni bunduki za askari wake. Nikishindwa, vijana wataondoka kesho." Mtu mwenye majibu hayo kichwani hana muda wa kujiuliza kama amependeza.

Maswali hayo yana faida ya pili. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Huenda mkapiga mwisho asubuhi na mwanzo jioni, kwa sababu ya jua, au kwa sababu mwenye kuku anamtaka kuku wake kabla ya giza. Bila daftari, mwigizaji atasahau kwamba katika kipande hiki bado hajakasirika.

Tuje kwenye kusikiliza. Jukwaani, mtazamaji humwangalia anayesema. Kwenye filamu, mhariri mara nyingi hukata na kuonyesha anayesikiliza, kwa kuwa habari iko usoni mwake. Wakati Mekatilili anasema, Champion anafanya nini? Kama yule anayecheza Champion anasubiri tu zamu yake huku akikariri sentensi moyoni, kamera itamfichua. Fanyeni zoezi hili: kaeni wawili wawili mtazamane. Mmoja asimulie jambo lililomtokea kweli, mwingine asikilize bila kusema neno, na kamera imwangalie msikilizaji tu kwa dakika mbili. Halafu badilishaneni. Mtashangaa uso wa mtu anayesikiliza kweli unavyobadilika bila yeye kujua.

Macho nayo yana adabu yake. Usiitazame lenzi, isipokuwa umeambiwa. Mtazame mwenzako, na uchague jicho lake moja, lile lililo karibu na kamera, ulishikilie. Ukiruka kutoka jicho la kulia hadi la kushoto, kwenye skrini utaonekana kama mtu anayetafuta pa kukimbilia.

Kisha miguu. Mpiga kamera atakuwekea alama chini mahali pa kusimama ili uso wako usitoke nje ya picha wala usififie. Wekeni gamba la kombe au kijiti mchangani. Tembeeni mkisema maneno yenu, msimame papo hapo bila kuangalia chini. Rudieni mpaka miguu ijue njia yenyewe. Na mikono pia ikumbuke: kama ulishusha tenga la kuku kwa mkono wa kushoto kwenye neno "haya", ulishushe kwa mkono uleule kwenye neno lilelile kila mnaporudia. Vipande vya marudio mbalimbali vitaunganishwa, na tenga likiruka kutoka mkono mmoja hadi mwingine, watazamaji wataacha hadithi na kuanza kucheka.

Huo ndio mwendelezo, na pwani yetu ni mwalimu mkali wa mwendelezo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake hufika mita tatu na zaidi. Ukianza kupiga picha ufukoni asubuhi maji yakiwa mbali kwenye miamba, baada ya muda wa saa sita yanakulamba visigino, ingawa katika hadithi ni dakika mbili tu zimepita. Huko Malindi kuna jambo lingine: mvua zikinyesha bara, Mto Sabaki huleta tope na bahari hugeuka rangi ya chai. Ukipiga nusu ya filamu wiki hii na nusu wiki ijayo, unaweza kupata bahari mbili. Ulizeni wavuvi. Wanaujua mwezi na maji kuliko programu yoyote ya simu.

Jua nalo lina zamu zake. Huku kwetu hupanda upesi, na saa sita mchana huwa juu ya utosi, likitia kivuli kizito kwenye mashimo ya macho. Macho ndiyo tunayoyataka, basi pigeni picha kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi kama saa mbili na nusu, au kuanzia saa kumi jioni. Mchana ingieni chini ya mwembe. Kwenye mchanga mweupe kama wa Watamu, simu hudanganyika na weupe ule na kuufanya uso wako uwe giza; gusa uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Shuka jeupe likishikwa na wawili kando ya mwigizaji hurudisha mwanga mashavuni. Na futeni lenzi kwa kitambaa laini kila mara, maana upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hutia ukungu kwenye picha bila wewe kujua.

Upepo huo huo ni adui wa sauti. Wakati wa upepo wa kusi, maikrofoni ya simu itarekodi mvumo tu. Jifungieni nyuma ya ukuta wa makuti, au ficheni simu ya pili ndani ya nguo ya mwigizaji, karibu na kifua, irekodi maneno yake. Ngojeni bodaboda ipite, na adhana imalizike kwa heshima yake. Kunguru hawangoji mtu, kwa hiyo chagueni mahali wasipolala. Mkimaliza kila mahali, nyamazeni wote mrekodi ukimya wa hapo kwa nusu dakika. Mhariri atauhitaji kuziba mapengo.

Sasa kuku wetu. Mtamfanyaje amdonoe Champion? Msimfanye. Msimchokoze mnyama, wala msimtie mwenzenu hatarini. Mkumbukeni Kuleshov. Pigeni picha ya mkono unaoshuka polepole, vifaranga wakiwa mbali nyuma yake. Kando kabisa, mpigeni picha kuku na vifaranga wake wakiwa na mwenyewe wanayemjua, msubiri kwa utulivu mpaka atanue mbawa. Halafu pigeni picha ya uso wa Champion akishtuka na kurudisha mkono. Unganisheni vipande vitatu, mwongeze sauti ya kuku, na kila mtazamaji atakuambia ameona kwa macho yake kuku akidonoa.

Kamera ibaki upande mmoja wa wahusika wawili muda wote. Vuteni mstari wa kufikirika kutoka kwa Mekatilili hadi kwa Champion, na msiuvuke, la sivyo wataonekana wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana.

Na nani atacheza Champion? Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika filamu hii. Mtoto atakayepewa atataka kutembea kwa maringo na kusema kwa pua ili wenzake wacheke. Mkatazeni. Mwambieni ajiulize maswali yaleyale manne. Huyu mtu ametumwa na wakubwa wake. Anahitaji idadi ya vijana. Anaamini yeye ndiye sheria. Mwigizaji halazimiki kumsamehe, ila lazima amwelewe, kwa sababu Mekatilili anakuwa mkubwa tu pale adui yake anapokuwa mtu kamili. Ukimfanya Champion kikaragosi, umempunguzia Mekatilili ushujaa.

Mnaweza kuniuliza kama kuna waliopita njia hii kutoka kwetu. Wapo. Mombasa, shirika la SAFE Kenya limepeleka maigizo barabarani miaka mingi, na likatengeneza filamu, *Watatu*, ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Nick Reding. Mwigizaji aliyezoea kupaza sauti katikati ya watu hulazimika kujifunza kunong'ona mbele ya lenzi. Nairobi, warsha za One Fine Day Films, zilizoanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, ziliwakutanisha vijana wa Afrika na mafundi wa kuwafunza kwa vitendo. Kutoka One Fine Day Films zilitoka *Soul Boy* ya Hawa Essuman mwaka 2010 na *Nairobi Half Life* ya David Tosh Gitonga mwaka 2012. Hii ya pili inamhusu kijana wa kijijini anayetamani kuwa mwigizaji, na aliyemcheza, Joseph Wairimu, alituzwa mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la Durban. Kutoka huko huko ikaja *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, mwaka 2018, ambamo msichana, Stycie Waweru, alibeba filamu nzima mabegani. Ni hadithi ya mtoto mgonjwa ambaye kijiji kizima kinamsaidia kutengeneza filamu yake. Nanyi mliotazama *Sultana* mmeshaona kwamba Kiswahili cha pwani kinabeba tamthilia ndefu bila kuchoka. Wenye kazi hiyo, Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ndio waliotengeneza pia *Maria* na *Zora*.

Asiyepata nafasi ya kuigiza safari hii asinune. Shikeni kipaza sauti, shikeni shuka la mwanga, andikeni kwenye daftari mkono gani ulishika tenga. Lupita Nyong'o, kabla ya kupata tuzo ya Oscar mwaka 2014, alifanya kazi nyuma ya kamera kwenye filamu *The Constant Gardener* ilipopigwa hapa Kenya. Anayesimama kando ya mpiga kamera siku nzima hujifunza uigizaji kuliko anayekariri chumbani, kwa kuwa anaona ni lini uso unasema kweli na ni lini unadanganya.

Kabla hamjaanza, mambo ya lazima. Wazazi na walimu wajue mko wapi. Mtu mzima awashughulikie suala la kibali, kwani sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya jukwaani inadai leseni ya kurekodi filamu. Mkitaka kurekodi kwenye magofu ya Gede, jueni yako chini ya Makavazi ya Kitaifa. Huingii na kamera na kuanza kazi tu. Kaya ni mahali patakatifu. Misitu ya kaya za Wamijikenda, Wagiriama wakiwemo, iko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini hata kabla ya hapo ilikuwa na wenyewe, na wazee wakisema hapapigwi picha, hapapigwi. Na mwigizaji akisema amechoka au ameumia moyoni, kazi inasimama. Machozi ya kulazimisha hayana faida hata kwenye skrini.

Mkishahariri, tundikeni shuka ukutani na muwaite bibi na babu kwanza kabla ya kupeleka popote. Watawarekebisha: vazi la hando halifungwi hivyo, kifudu hakichezwi kwa kurukaruka, mama mkubwa hasimami hivyo mbele ya mgeni. Yaandikeni yote, mrudi mkarekodi upya vipande vilivyokosewa. Baada ya hapo muulizeni mwalimu kuhusu tamasha la kitaifa la shule, ambalo siku hizi ni la drama na filamu pia, au Lola Kenya Screen ya Nairobi, ambayo imewafunza watoto kutengeneza filamu zao, au tamasha la filamu la ZIFF kule Unguja.

Filamu ya pili mnayo tayari. Ni ile safari ya kutoka Kisii hadi Giriama: mwanamke anayetembea mchana na usiku, mzee mwenzake kando yake, na uso unaofikiria nyumbani. Haihitaji maneno hata kumi, na ndiyo maana ni ngumu kuliko ya kuku. Anzeni na kuku. Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, mwenye simu nzuri aje ameichaji, mwenye shuka jeupe aje nalo, na atakayecheza Mekatilili aje na daftari lililojaa majibu.